Dola Moja kwa Filamu: Miaka 70 ya Kulipia Sinema Mpya Ukiwa Sebuleni

Tarehe 1 Januari 1951, familia 300 katika jiji la Chicago, Marekani, zilianza jaribio la siku 90. Kila nyumba ilikuwa na televisheni iliyounganishwa na waya wa simu. Ukitaka kuangalia filamu unampigia opereta, unamwambia unataka ipi, naye anafungua njia kutoka kituo cha simu. Picha iliyokuwa inatetemeka kwenye kioo kama mgonjwa wa malaria inatulia, na filamu inaanza. Bili ya simu ikija, unakuta dola 1 imeongezwa kwa kila filamu uliyoangalia.

Mfumo huo uliitwa Phonevision na ulikuwa mali ya Zenith, kampuni iliyotengeneza redio na televisheni. Bosi wake, Eugene McDonald, alikuwa na imani moja ambayo hakuiacha: matangazo ya biashara peke yake hayatatosha kugharamia vipindi vizuri vya televisheni, kwa hiyo ipo siku mtazamaji mwenyewe itabidi atoe hela mfukoni.

Nimeanza na Chicago kwa makusudi. Mwezi Aprili 2020, corona ilipokuwa imefunga majumba ya sinema, studio ya Universal iliiweka Trolls World Tour mtandaoni kwa dola 19.99, na watu wengi walilipokea kama jambo jipya kabisa, zawadi (au balaa) ya intaneti. Lakini Chicago ya 1951 ni miaka 10 kabla ya uhuru wa Tanganyika. Mashine ilikuwepo na ilifanya kazi. Sasa kwa nini ilichukua karibu miaka 70 mpaka filamu mpya kabisa ya studio kubwa ifike sebuleni kwa bei ya juu bila ugomvi kuiua? Mimi naona mashine ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kukubaliana nani anakula kiasi gani, na wahusika waligombana kwa vizazi vitatu.

Tuanze na sehemu rahisi.

King'amuzi cha mwaka 1951

Picha ya televisheni za wakati ule ilichorwa mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini, haraka kiasi kwamba jicho linaona picha nzima. Walichofanya Zenith ni kusogeza sehemu za picha pembeni kidogo, kisha kuzirudisha, kisha kuzisogeza tena, kabla ya kuirusha hewani. Mtu yeyote mwenye antena aliipokea, ila alichoona ni picha inayorukaruka, haiangaliki. Ili itulie, televisheni ilihitaji kuambiwa ni lini picha imesogezwa na ni lini imerudishwa. Taarifa hiyo haikupita hewani. Ilipita kwenye waya wa simu, na opereta ndiye aliyeiruhusu ipite.

Kama nyumbani una king'amuzi, wazo hili unaishi nalo. Mawimbi yanamfikia kila mtu, kilichofungwa ni ufunguo. Kadi ya king'amuzi chako inafanya kazi ya yule opereta wa Chicago, ila yenyewe haichoki na haikusalimii.

Familia zile zilinunua wastani wa chini kidogo ya filamu mbili kwa wiki. Kwa mtu anayeuza kitu ambacho hakijawahi kuuzwa, hayo ni matokeo mazuri. Zaidi ya hapo, walichouziwa kilikuwa kiporo. Filamu zilizotolewa kwa jaribio zilikuwa na umri wa miaka miwili au zaidi, zimeshazunguka majumba yote ya sinema mpaka zikaisha utamu. Studio za Hollywood hazikuwa tayari kutoa filamu za moto, kwa sababu wateja wao wa kila siku, wenye majumba ya sinema, wasingewaelewa.

Na hao wenye majumba tayari walikuwa na maumivu. Mwaka 1946 Wamarekani walinunua tiketi za sinema zipatazo milioni 80 hadi 90 kwa wiki. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 idadi ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu. Televisheni ilikuwa imewabakiza watu nyumbani, na sasa kuna mtu anataka kuwapelekea filamu hukohuko.

Kuna jambo lingine lililobadilika kipindi hicho. Zamani studio kubwa zilimiliki pia majumba ya sinema, yaani mpishi ndiye mwenye mgahawa. Mwezi Mei 1948 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi dhidi ya Paramount na wenzake, iliamua kwamba mpangilio ule unaua ushindani, na studio zikalazimika kuachana na majumba yao. Athari yake ilichukua muda kuonekana: kuanzia hapo, maslahi ya mtengeneza filamu na maslahi ya mwenye jumba hayakuwa kitu kimoja tena. Mtengeneza filamu akipata njia nyingine ya kumfikia mtazamaji, hana sababu ya kumlilia mwenye jumba. Ila bado anamhitaji, kwa sababu hela nyingi bado zinatoka kule.

Ugomvi wote unaofuata umekaa kwenye hiyo "bado anamhitaji".

Sanduku la sarafu jangwani

Haishangazi basi kwamba wa kwanza kuthubutu na filamu mpya walikuwa Paramount wenyewe, kupitia kampuni iliyoitwa Telemeter. Walichagua Palm Springs, mji mdogo wa jangwani kusini mwa California ambako mastaa wa Hollywood walikwenda kupumzika. Milima inaukinga mji ule na mawimbi ya televisheni kutoka Los Angeles, kwa hiyo picha zilinaswa kwa antena ya pamoja na kusambazwa majumbani kwa waya. Telemeter walipata njia iliyonyooka.

Mwishoni mwa Novemba 1953 filamu ya Forever Female, yenye Ginger Rogers na William Holden, ilionyeshwa kwenye jumba la sinema la Plaza mjini hapo, na kwa wakati huohuo ikaonyeshwa majumbani kwa dola 1.35. Kwa ninavyoijua historia hii, kama unatafuta siku ambayo mtu wa kawaida alikaa kwenye kochi lake akalipia filamu ambayo jirani yake yuko foleni kuiona, ni hiyo.

Malipo yalikuwa ya sarafu. Juu ya televisheni kulikuwa na sanduku lenye tundu, unaingiza sarafu moja moja mpaka bei itimie. Ukizidisha, sanduku linakukumbuka na kukuhesabia chenji kwenye filamu inayofuata. Ndani yake kulikuwa na kanda ndogo ya sumaku iliyorekodi umelipia kitu gani, na fundi aliyekuja kukusanya sarafu alikusanya na kumbukumbu hizo, ili kila mwenye filamu apate mgawo wake kulingana na mauzo. Hapo hakuna kompyuta, hakuna intaneti. Nikisoma habari za sanduku lile huwa najiuliza watoto wa Palm Springs walishindwaje kulivunja.

Nyumba zilizounganishwa hazikufika 200, na mwaka uliofuata mradi ukafungwa. Hata hivyo ulikuwa umeshaibua swali ambalo linatesa biashara hii hadi leo. Jumba la sinema linauza viti. Mkija watu 6 mnalipa mara 6. Sanduku la sarafu linauza sebule. Dola 1.35 inalipia macho mangapi?

Huku kwetu swali hili halihitaji utafiti. Nyumba yenye televisheni mtaani ilikuwa nyumba ya mtaa mzima, na mwenye nyumba akijaribu kufunga mlango watoto wanachungulia dirishani. Kisha tukaja na jibu la kibiashara lililogeuza hesabu ya Telemeter kichwa chini: kibanda umiza. Kopi moja ya filamu, televisheni moja, mabenchi, na kila kichwa kinalipa mlangoni. Ongeza sauti ya mtu anayekutafsiria na kukuchombezea, Lufufu kwa Tanzania au DJ Afro kwa Kenya, na una jumba la sinema kamili. Kasoro ni kwamba mwenye filamu hapati hata senti. Lakini kwenye suala la kuhesabu watazamaji, kibanda kilimshinda Paramount, kwa sababu chenyewe kilihesabu vichwa wakati Telemeter walihesabu milango.

Jaribio lililofuata lilikuja na mtego mwingine. Mwaka 1957, mji wa Bartlesville, Oklahoma, kampuni ya Video Independent Theatres iliamua kutosubiri kuuawa. Hawa walikuwa wenye majumba ya sinema, na wao wenyewe wakatandaza waya mpaka majumbani. Tarehe 3 Septemba walianza na The Pajama Game, filamu iliyokuwa na siku chache tu sokoni. Bei: dola 9.50 kwa mwezi, angalia unachotaka. Yaani wazo la Netflix, miaka 40 kabla ya Netflix kuzaliwa.

Likafa ndani ya mwaka mmoja. Bei ya jumla kwa mwezi iliwachukiza wateja ambao waliona wanalipia filamu wasizoziangalia, na iliwachukiza pia wenye filamu, kwa sababu bila kipimo cha nani ameangalia nini, unagawanaje? Telemeter walikuwa na kipimo lakini hawakuwa na filamu za kutosha. Bartlesville walikuwa na filamu lakini hawakuwa na kipimo.

Sasa njoo California, 1964. Sylvester "Pat" Weaver, aliyewahi kuwa rais wa NBC (na ndiye baba wa Sigourney Weaver, yule dada wa Alien), alianzisha huduma ya kulipia kwa waya huko Los Angeles na San Francisco. Huduma ilianza Julai. Wenye majumba ya sinema wakaona huyu siyo wa kumwekea mgomo tu. Wakakusanya saini na kulipeleka suala kwa wananchi: je, televisheni ya kulipia ipigwe marufuku jimboni? Kampeni yao ilikuwa kuokoa televisheni ya bure, na ilikuwa na akili sana, maana mpiga kura haombwi kumwonea huruma mwenye jumba la sinema, anaogopeshwa kwamba mechi na vipindi anavyoangalia bure vitafungiwa. Mwezi Novemba theluthi mbili hivi ya wapiga kura walisema ndiyo, ipigwe marufuku.

Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya California ilifuta marufuku hiyo kwa sababu ilikiuka uhuru wa kujieleza. Weaver alishinda kesi akiwa hana tena biashara. Ndani ya miaka miwili kampuni inayotegemea wateja wapya kila mwezi inakuwa imeshazikwa. Naona hili ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia hii, na linasahaulika kwa sababu halina teknolojia yoyote ya kusisimua ndani yake.

Maembe ya kwanza

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. HBO ilianza Novemba 1972 huko Pennsylvania, na kebo ikakua. Mwaka 1977 kampuni ya Magnetic Video ikaanza kuuza filamu 50 za Twentieth Century Fox kwenye kanda za video, takriban dola 50 moja, na maduka ya kukodisha yakazaliwa. Televisheni ya kulipia ikawa jambo la kawaida. Lakini angalia kilichouzwa: filamu zilizokwisha kutoka kwenye majumba. Pande zote mbili zilikuwa zimepata amani kwa njia ya ngazi. Filamu inaanza kwenye jumba la sinema, baada ya miezi kadhaa inakuja kanda, halafu kebo, halafu televisheni ya bure. Kila ngazi ukishuka, bei inashuka na kusubiri kunaongezeka.

Wachumi wana maneno yao marefu kwa jambo hili, ila muuza matunda wa Kariakoo analijua bila kwenda chuo. Maembe ya mwanzo wa msimu ni machache na ghali. Yananunuliwa na mwenye hamu, na hamu yake ndiyo inayolipiwa. Baada ya wiki kadhaa maembe ni yaleyale, bei imeanguka. Ngazi ya Hollywood ilifanya kazi hivyohivyo, na mwenye jumba la sinema alishikilia maembe ya kwanza peke yake. Kumpelekea mtu filamu mpya nyumbani, hata kwa bei kubwa, ni kumnyang'anya yale maembe ya kwanza, na ndiyo maana hakujali sana utamwuzia nyumbani kwa dola ngapi.

Waliojaribu waliadhibiwa. Februari 1983 Universal waliitoa The Pirates of Penzance, yenye Kevin Kline na Linda Ronstadt, siku hiyohiyo kwenye majumba na kwenye televisheni ya kulipia. Majumba mengi yakakataa kuionyesha. Mapato ya mlangoni hayakufika dola milioni 1. Studio zote zilielewa ujumbe, na kwa karibu miaka 30 hakuna kubwa iliyorudia jambo hilo kwa uzito.

Mwaka 2011 ni Universal tena (hawa jamaa hawasikii). Mpango ulikuwa filamu ya vichekesho Tower Heist, ya Eddie Murphy na Ben Stiller, ipatikane nyumbani wiki 3 baada ya kutoka, kwa dola 59.99, katika miji miwili tu, Atlanta na Portland. Dola 60! Ni vigumu kufikiria foleni kubwa ya wateja kwa bei hiyo. Pamoja na hayo, Cinemark, moja ya kampuni kubwa za majumba, ilitishia kutoionyesha filamu kabisa, wengine wakafuata, na Universal wakarudi nyuma kabla ya kuuza hata moja. Kwa matajiri mlango haukuwa mgumu hivyo. Kampuni iliyoitwa Prima Cinema iliuza kifaa cha dola 35,000, chenye kisoma alama za vidole, na kila filamu mpya ililipiwa dola 500. Majumba hayakupiga kelele sana, maana wateja wa namna hiyo hawajai hata basi moja.

Mwaka 2016 Sean Parker, yule aliyesaidia kuanzisha Napster, alipendekeza Screening Room: kifaa cha dola 150, kisha dola 50 kwa filamu siku inayotoka, unapewa saa 48. Safari hii kulikuwa na akili mpya: hadi dola 20 kati ya zile 50 zingekwenda kwa wenye majumba. Steven Spielberg na Peter Jackson waliunga mkono, James Cameron na Christopher Nolan wakapinga. Huduma haikuanza. Lakini wazo la kumlipa mwenye jumba kwa filamu isiyoangaliwa jumbani kwake lilibaki mezani. Mkumbuke huyo.

Haya hayakuwa ya Marekani peke yake. Huko India, Januari 2013, Kamal Haasan alitaka filamu yake Vishwaroopam ionekane kwenye ving'amuzi vya setilaiti kwa rupia 1,000, saa chache kabla ya majumba kufungua milango. Wenye majumba wa Tamil Nadu wakagoma, na mpango wa ving'amuzi ukaahirishwa. (Filamu ile ilipata pia matatizo mengine makubwa, ya madai ya kuwakashifu Waislamu, lakini hiyo ni habari yake peke yake.) Nchi nyingine, lugha nyingine, na silaha ileile ya 1983.

Hesabu ya Trolls

Turudi Aprili 2020. Mgomo wa mwenye jumba una nguvu pale tu jumba lake linapokuwa wazi. Corona iliifunga silaha hiyo kwenye kabati. Tarehe 10 Aprili Universal waliitoa Trolls World Tour nyumbani, dola 19.99 kwa saa 48, na ndani ya wiki 3 ikawa imeingiza karibu dola milioni 100 Marekani na Kanada.

Tafadhali shika kalamu, hesabu ni ya shule ya msingi. Filamu ya kwanza ya Trolls, ya 2016, iliingiza takriban dola milioni 153 kwenye majumba ya Marekani na Kanada. Kwa kawaida studio hubaki na kama nusu ya mapato ya mlangoni, nusu nyingine ni ya mwenye jumba. Nusu ya 153 ni kama 76. Nyumbani, studio hubaki na kama asilimia 80. Asilimia 80 ya milioni 100 ni 80. Kwa hiyo filamu ya pili, kwa wiki 3 na mauzo madogo zaidi, iliiletea studio hela zilezile au zaidi kidogo ya zile ambazo ya kwanza ilizipata kwa miezi. Sijaweka gharama za matangazo hapa, na ni kweli watu walikuwa wamefungiwa ndani na watoto waliochoka. Hata ukipunguza kwa sababu hizo, namba inabaki ya kutisha ukiwa upande wa pili.

Na lile swali la macho mangapi? Wastani wa bei ya tiketi Marekani mwaka 2019 ulikuwa dola 9.16. Dola 19.99 ni zaidi kidogo ya tiketi mbili. Mtu anayeishi peke yake anapunjwa. Baba, mama na watoto watatu wangelipa dola 45 na ushee mlangoni, achilia mbali bisi na soda. Kwa filamu ya watoto, sebule ilikuwa nafuu hata ikiitwa ghali. Sioni kama ni bahati kwamba mafanikio makubwa ya kwanza ya biashara hii yalikuwa ya vibonzo.

AMC, kampuni kubwa kuliko zote za majumba ya sinema, ilijibu kwa barua: filamu za Universal hazitaonyeshwa tena kwetu, popote duniani. Ni tishio la 1983 na 2011, neno kwa neno, ila limetolewa na mtu ambaye milango yake imefungwa na madeni yanamngoja. Miezi mitatu haikuisha vizuri wakakubaliana. Julai 2020: filamu za Universal zitakaa kwenye majumba ya AMC siku 17, yaani wikiendi tatu, baada ya hapo studio inaweza kuziuza nyumbani kwa bei ya juu, na AMC inapata sehemu ya mauzo hayo. Wazo la Screening Room, limerudi na suti mpya. Kabla ya hapo kusubiri kulikuwa kama siku 75 hadi 90.

Waliokuwa hawajaalikwa kwenye meza hiyo walijitokeza mwaka uliofuata. Disney walikuwa wameshajaribu na Mulan kwa dola 29.99, juu ya ada ya mwezi ya Disney+. Julai 2021 wakaitoa Black Widow kwenye majumba na nyumbani siku moja. Wikiendi ya kwanza ilileta dola milioni 80 Marekani na Kanada mlangoni, na Disney wakajisifu hadharani kwa dola milioni 60 nyingine kutoka majumbani duniani kote. Wikiendi ya pili mapato ya mlangoni yakaporomoka kwa zaidi ya theluthi mbili. Mwisho wa mwezi Scarlett Johansson akaenda mahakamani, akidai mkataba wake ulitegemea filamu itoke kwenye majumba pekee kwanza, maana bonasi zake zilihesabiwa kwa mapato ya mlangoni. Hela ya sebuleni haikuwa imeandikwa kwenye mkataba. Waliyamaliza nje ya mahakama mwezi Septemba.

Kesi ile inanikumbusha kanda ya sumaku ya Palm Springs. Mwaka 1953 kila sarafu ilikuwa na kumbukumbu, kila mwenye haki angeweza kuonyeshwa amepata kiasi gani. Mwaka 2021 kompyuta za Disney zilijua ni nyumba ngapi zimelipa, saa ngapi, na zimesimamisha filamu wapi, lakini namba hizo zilitolewa pale tu kampuni ilipopenda. Kwa mwigizaji, mwandishi au fundi anayelipwa kwa asilimia, jumba la sinema lina faida moja ambayo haizungumzwi sana: mauzo yake yanahesabiwa mbele ya watu.

Wapo waliochukua njia ya kuandika masharti mapema. Nolan aliachana na Warner Bros., waliokuwa wametoa filamu zao zote za 2021 kwenye HBO Max siku ya kwanza bila hata bei ya ziada, akaipeleka Oppenheimer Universal. Ilianza majumbani mwa sinema Julai 2023 na haikuuzwa nyumbani mpaka Novemba 21, miezi minne. Nguvu ya namna hiyo wanayo wachache. Universal haohao walikuwa wamesema mwaka huohuo kwamba mauzo ya nyumbani ya bei ya juu yameshawaingizia zaidi ya dola bilioni 1 kwa muda usiofika miaka 3.

Kwa sisi wa Dar, Mombasa au Kigali, sehemu kubwa ya mzozo huu umepita juu ya vichwa vyetu. Mulan ilipouzwa kwa dola 29.99, Disney+ haikuwa inapatikana Afrika Mashariki hata ukiwa na hela mkononi. Aliyeitaka alisubiri jumba la sinema, au alimwendea kijana wa mtaani mwenye flashi.

Huko kwao, tarehe 31 Desemba 2024 Wicked ilianza kuuzwa majumbani, siku 39 tangu ilipotoka, kukodi dola 19.99 na kununua dola 29.99. Januari bado ilikuwa inaonyeshwa kwenye majumba ya sinema, na hakuna kampuni yoyote kubwa ya majumba iliyotishia kuiondoa.